Lugha Kutani na Vitini: Maandishi ya Kasri la Abbadia

Aghalabu tunapochunguza lugha ya maandishi, macho yetu huelekea kitabuni. Makala haya yanaelekea nyumbani kwa mtu: kasri lililo juu ya majabali ya Hendaye, katika nchi ya Wabaski, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Lilijengwa kuanzia mwaka 1864 kwa mtindo wa Kigothi, kwa usanifu wa Eugène Viollet-le-Duc na Edmond Duthoit. Mwenyewe, Antoine d'Abbadie, alizaliwa Dublin mwaka 1810 na mama Mwailandi. Aliishi Uhabeshi takribani mwongo mmoja pamoja na nduguye Arnaud, na mwaka 1881 akachapisha kamusi ya Kiamhari.

Mgeni hukaribishwa mlangoni kwa Kiayalandi. Ndani kuna tundu lililopenyezwa kutani ili mwenye nyumba, aliyekuwa pia mwanafalaki, apime jinsi hewa inavyopinda mwanga. Jaribio lilishindwa, naye akaandika hapo kwa Kibaski kwamba hakuona wala hakujifunza. (Ni wataalamu wangapi huchonga kushindwa kwao kwenye jiwe?)

Lakini kwetu sisi, chumba cha kulia ndicho chenye somo. Kila kiti kina alama moja ya hati ya Kihabeshi mgongoni, na viti vikipangwa ipasavyo hutoa sentensi ya Kiamhari inayomwomba Mungu pasiwe na msaliti mezani. Hati hiyo huunganisha konsonanti na irabu katika alama moja. Kwa hati hiyo, neno letu "meza" lingehitaji viti viwili. Kwa herufi za Kilatini, vinne. Mtu mmoja akiondoka na kiti chake, sentensi huharibika. Sijui kama wageni wengi walioketi hapo waliweza kuisoma.

Ukitoka hapo hadi kwenye ngazi kuu, unakuta michoro ya maisha ya Uhabeshi na sanamu ya kijana Mhabeshi, Abdullah, akiwa amesimama na taa mkononi. Mwanaisimujamii hawezi kuipita sanamu hiyo kimya. Lugha ya Mwafrika imealikwa mezani pamoja na lugha za Ulaya, jambo la nadra katika karne ya 19. Mwafrika mwenyewe anawamulikia wengine njia ya kwenda juu.

D'Abbadie alifariki mwaka 1897. Kasri ni mali ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, na Abdullah angali pale ngazini.