Ijumaa ya Daftari: Mwongozo wa Kutunza Ustawi wa Wanafunzi wa Sekondari, Fizi na Baraka

Mwongozo huu ni wa shule isiyo na mtaalamu wa saikolojia. Nchini Kongo (DRC), shule ya msingi ya serikali imefutiwa ada tangu 2019, lakini sekondari bado inalipiwa. Darasani wanakaa pamoja mtoto wa mvuvi, mtoto aliyekimbia mapigano upande wa Minembwe, na mtoto wa Burundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015. Mwenye shida kati yao mara nyingi hasemi. Anaanza kukosa shule. Kwa hiyo chombo cha kwanza ni daftari la mahudhurio, ambalo kila shule inalo tayari.

Andaa: daftari la mahudhurio la kila darasa, daftari tupu (linaitwa hapa «daftari la kusikiliza»), kalamu nyekundu, kabati lenye kufuli, saa, benchi moja, kitambaa safi, vidonge vya klorini, bidoni ya lita 20, chaki, na kalenda inayoonyesha mwandamo wa mwezi. Fuata hatua kwa mpangilio. Usianze inayofuata kabla uhakiki haujatimia.

1. Tibu maji ya kunywa. Chuja maji kwa kitambaa safi, tia kidonge kimoja cha klorini cha mg 67 katika bidoni ya lita 20, funika, ngoja dakika 30. Yakibaki na tope baada ya kuchujwa, tia viwili. Kipindupindu ni mwenyeji wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, na mgonjwa hukosa shule. Uhakiki: saa ya kutia kidonge imeandikwa kwa chaki juu ya bidoni.

2. Chagua wasikilizaji wawili, mwalimu mwanamke na mwalimu mwanaume. Kila mwanafunzi aandike kwa siri majina ya walimu watatu anaowaamini. Prefe, yaani mkuu wa shule, achague kati ya waliotajwa zaidi. Usimchague mkuu wa nidhamu wala mtunza fedha: anayedaiwa ada hatamfungulia moyo anayemdai. Uhakiki: kama shule ina wanafunzi wa Lusenda, angalau msikilizaji mmoja anajua Kirundi.

3. Weka benchi mahali panapoonekana na watu wote lakini pasiposikika. Kivuli cha mwembe kinafaa. Chumba kilichofungwa mlango hakifai kamwe. Uhakiki: mtu mmoja akae benchini aongee kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame mlangoni mwa darasa la karibu. Akisikia hata neno moja, sogeza benchi hatua tano mbali zaidi, kisha rudia.

4. Soma daftari la mahudhurio kila Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho. Piga mstari mwekundu chini ya jina la aliyekosa siku mbili katika wiki moja. Pembeni andika herufi ya sababu: U ugonjwa, A ada, K kazi, H hofu au usalama. Kama sababu haijathibitishwa, andika alama ya kuuliza. Usikisie.

Kisha linganisha mistari hiyo na kalenda ya mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika. Kijana anayekosa shule wakati usiku ni wa giza na kurudi mwezi ukiwa mpevu, yaelekea yuko ziwani usiku kucha. Huyo si mvivu, na kumchapa hakumrudishi. Aliyetoweka wiki kadhaa mfululizo, uliza nyumbani kama hajaenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Msichana mwenye alama ya kuuliza wiki mbili mfululizo awe wa kwanza kuitwa. Uhakiki: msikilizaji wa pili amesoma daftari lilelile peke yake na kupata majina yaleyale.

5. Ita mwanafunzi bila kutaja jina lake mbele ya darasa. Mwalimu wa darasa amwambie wakati wa mapumziko. Kabla ya swali lolote, msikilizaji aseme hivi: «Utakayoniambia nitayatunza. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kumuumiza mwingine, nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nitamwambia nani.» Anayeahidi siri kamili anaahidi asichoweza kutimiza, na shule nzima itajua.

Sikiliza dakika 20. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 una kazi tatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Kumlazimisha mtoto asimulie aliyoyaona vitani hakumo. Uliza: «Sasa hivi unahitaji nini?» Ngoja. Akinyamaza, nyamaza naye. Uhakiki: kabla ya kuachana, mwanafunzi ametaja mwenyewe siku ya kukutana tena.

6. Andika katika daftari la kusikiliza tarehe, namba ya siri, herufi ya sababu na hatua iliyokubaliwa. Jina lisiandikwe. Orodha ya namba na majina ikae kwa prefe, mbali na daftari linalofungiwa kabatini, kwa sababu katika eneo lenye makundi yenye silaha karatasi huweza kuangukia mikono mibaya. Uhakiki: mgeni akilisoma daftari hawezi kumtambua mwanafunzi yeyote.

7. Unganisha mwanafunzi na msaada siku ileile. U: kituo cha afya. A: prefe na kamati ya wazazi, wapange malipo ya awamu. K: mzazi au mlezi. H: prefe, pamoja na mtu mzima ambaye mwanafunzi mwenyewe anamwamini. Aliyebakwa asindikizwe hospitali mara moja, kwa ridhaa yake. Dawa za kuzuia VVU zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu zake. Familia zisikae kwanza kujadiliana fidia. Uhakiki: msikilizaji ameona kwa macho kwamba mwanafunzi amepokelewa.

8. Hesabu mwisho wa muhula: majina mangapi yalipigwa mstari, mangapi yamerudi darasani. Peleka namba, bila majina, kwa kamati ya wazazi. Herufi A ikizidi nyingine zote, tatizo liko mezani kwa shule yenyewe. Prefe, kabla ya muhula mpya kuanza, komesha desturi ya kuwasimamisha wadaiwa mbele ya wenzao na kuwafukuza nyumbani.