Mshahara Ukipanda, Mwajiri Mdogo Afanyeje?

Mwezi wa Oktoba 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika kazi za watu binafsi kitapanda toka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Na kila aina ya kazi ina kiwango chake. Wafanyakazi walifurahi, na furaha yao ni ya haki. Lakini katika jamaa zetu yumo pia mwajiri mdogo: mwenye tanuri la mikate, fundi mwenye vyerehani vitatu, mama mwenye mkahawa. Huyo si tajiri, naye ana watoto wa kulisha. Afanyeje?

Na tueleze kwa mfano. Tuseme mtu ana tanuri na watu wanne, naye apaswa kumwongezea kila mmoja shilingi 60,000. Wengi hukoma hapo, wakasema: ni shilingi 240,000. Hesabu hiyo haijatimia. Kwa kawaida mwajiri hulipa NSSF asilimia 10 ya mshahara kwa fungu lake, na asilimia 0.5 katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Basi gharama mpya ni shilingi 265,200. Ikiwa aoka mikate 400 kila siku kwa siku 26, kila mkate umezidi gharama kwa shilingi 25 na nusu. Sasa jambo lililomtisha lina kipimo.

Kisha autazame upotevu. Ikiwa kila siku mikate 10 yaungua au yarudi bila kuuzwa, na kila mmoja umekula shilingi 700 za unga, mafuta na kuni, kwa mwezi amepoteza shilingi 182,000. Akiokoa nusu yake tu, amepata shilingi 91,000, na mzigo wa kila mkate washuka hadi shilingi 17 hivi.

Tena azitazame saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 kwa juma. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Unga ukichelewa asubuhi, watu hukaa bure, kisha jioni hulipwa ziada kwa kazi ile ile. Kosa hilo si la mfanyakazi. Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha kuongezwa katika bei, na wanunuzi waelezwe mapema.

Papa Pius XI aliligusa jambo hili katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931. Alifundisha kwamba si haki kudai mshahara utakaoiangusha kazi yenyewe. Lakini pia kwamba faida ikipungua kwa uzembe wa mwenye kazi, hiyo si sababu ya kumpunja mfanyakazi. Mwajiri asishike neno la kwanza na kuliacha la pili.

Wako wanaomtaka mfanyakazi atie sahihi ya mshahara kamili, kisha humpa pungufu. Huo ni wizi, hata kama maskini yule amekubali kwa hofu ya kufukuzwa.

Na ikiwa kweli kazi haiwezi kuwabeba wote? Sheria hiyo yaagiza waarifiwe na kushauriwa kabla ya mtu kupunguzwa. Na aliyetimiza mwaka hupewa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumika, hadi miaka 10. Lakini shauri hilo lisingoje siku ya kuagana. Waiteni mapema, waonyesheni daftari. Mara nyingi mwokaji ndiye ajuaye kwa nini mikate yaungua, ila hajaulizwa.

Ninyi mlio waajiri, fungueni daftari jioni hii, mume na mke pamoja. Kabla ya kukata jina la mtu, kateni kwanza hasara isiyo na jina.