Ng'ombe wa Wanyaturu

Wanyaturu ni kabila la Singida, katikati ya Tanzania. Nchi yao ni kavu. Msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba hata Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Chakula chao cha asili ni ugali wa uwele na mtama, nafaka zivumiliazo ukame. Lakini udongo mwingi ni wa kichanga, nao huchoka upesi. Kwa hiyo wazee walilima karibu na nyumba zao, wakatia shambani samadi ya ng'ombe. Asiye na ng'ombe hakuwa na samadi, na asiye na samadi alivuna haba. Njaa ilikuwa mlangoni pake.

Basi tajiri hakuweka mifugo yake yote katika zizi moja. Aliwapa watu wengine ng'ombe wachache wawatunze. Mtunzaji alipata maziwa na samadi. Ng'ombe na ndama wao walibaki mali ya mwenyewe. Desturi hii iliwafaa wote wawili. Maskini alipata mavuno. Naye tajiri, maradhi yakiingia zizi moja, hakupotewa na kundi lote. Hivyo ng'ombe wale wale walilisha nyumba mbili.