Gari limerudi, au limerudishwa?

Somo la wiki, darasa la kati na la juu. Wazazi, tafadhali someni pamoja na watoto.

 

Ukisimama karibu na Infra City, pale E4 inapopita hapa Upplands Väsby, utaona magari yanayokwenda Arlanda upande huu na yanayokwenda Stockholm upande ule. Mengine ni ya kukodi. Lipo basi dogo linalokwenda kupokea wageni wa harusi, lipo la mizigo linalohamisha kochi la mtu aliyepata nyumba mpya. Basi dogo la viti tisa, yaani dereva na abiria wanane, huendeshwa kwa leseni ya kawaida ya B, ndiyo maana familia nyingi hulitafuta.

Tuseme mjomba wako ana magari sita ya namna hiyo. Magari mawili mtu anaweza kuyaweka kichwani. Sita ni mengi: moja limekaribia siku ya ukaguzi, jingine bima yake inakwisha, la tatu liko kwa mteja wa Märsta tangu Ijumaa, la nne bado lina matairi ya majira ya joto na Desemba imeshafika. Kwa hiyo mjomba ameweka kwenye kompyuta programu ya kusimamia magari. Ifikirie kama daftari linalojua kalenda na ramani.

Kabla hatujaendelea, tulitengeneze kosa ambalo hata watu wazima hulifanya. Anayetoa gari lake kwa malipo anakodisha. Anayelipa ili alitumie anakodi. Mtaani utasikia "nimekodisha gari" kwa mtu aliyelikodi, na watu wanaelewana, lakini kwenye mkataba maneno hayo mawili yasichanganywe, kwa sababu ndiyo yanayosema nani anamdai nani. Ile -sha inamfanya mwingine atende. Unakopa, benki inakukopesha. Unapanga nyumba, mwenye nyumba anakupangisha. Unakula, mama anakulisha.

Programu yenyewe inajuaje gari liko wapi? Ndani ya gari hufungwa kifaa kidogo, mara nyingi kwenye tundu lililo chini ya usukani, lile ambalo fundi huchomeka mashine yake ya kupimia injini. Magari mapya ya petroli yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya yamelazimika kuwa na tundu hilo tangu mwaka 2001. Kifaa husikiliza satelaiti za GPS zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kinahitaji kusikia angalau nne ili kijue mahali kilipo. Wengi hudhani satelaiti inalitazama gari kutoka juu. Hapana, satelaiti haijui lolote kuhusu gari la mjomba. Kifaa ndicho kinachopiga hesabu, kisha kinatuma jibu kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Gari likiingia kwenye maegesho ya chini ya ardhi, kifaa hakisikii kitu, na alama yake kwenye ramani inabaki imesimama mlangoni.

(Nimeandika "usukani". Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na watu wa pwani walilitumia kwa chombo cha baharini kabla gari halijafika: ni ule ubao wa nyuma unaokigeuza chombo. "Gari" nalo linatoka Kihindi. Kwa hiyo ukisema "usukani wa gari" umeshavuka bahari mara mbili.)

Upande wa kalenda ndio unaomwokolea mjomba pesa nyingi zaidi, ingawa ramani ndiyo inayopendwa kutazamwa. Hapa Sweden, gari lisilopelekwa kwenye ukaguzi, yaani besiktning, kwa wakati wake hupigwa marufuku kuendeshwa hadi likaguliwe. Gari lisilo na bima ya lazima humfanya mwenyewe atozwe kwa kila siku inayopita. Matairi ya majira ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa na theluji au barafu, na kina cha mifereji yake kisipungue milimita 3. Hakuna jambo gumu katika haya. Ugumu ni kuyakumbuka kwa magari sita, kila moja na tarehe zake, wakati simu inalia na mteja yuko mlangoni. Programu hutuma onyo wiki kadhaa kabla, na mjomba anapanga siku ambayo gari halina mteja.

Halafu kuna trängselskatt, kodi ya msongamano, ambayo Stockholm imeitoza moja kwa moja tangu Agosti 2007 baada ya majaribio ya mwaka 2006. Njia ya Essingeleden iliongezwa tarehe 1 Januari 2016. Katika msimu wa msongamano gari moja linaweza kutozwa hadi krona 135 kwa siku, na atakayechelewa kulipa anaongezewa krona 500. Jambo la kuzingatia ni kwamba kamera husoma namba ya gari, haisomi uso wa dereva. Barua inakwenda kwa mwenye gari, tena mwezi unaofuata, wakati aliyeendesha ameshasahau.

Someni mazungumzo haya kwa sauti, mmoja awe mjomba na mwingine mpwa. Ni ya kutunga, lakini nadhani kila nyumba itayatambua.

— Shikamoo mjomba.

— Marahaba mwanangu. Hebu nisomee barua hii, miwani nimeiacha garini.

— Ni trängselskatt ya mwezi uliopita. Lile gari jeupe limetozwa siku ya Jumanne.

— Jumanne? Jumanne halikukodishwa. Nani alikuwa nalo?

— Programu inaonyesha lilipita Essingeleden saa moja na nusu asubuhi, likapita tena saa kumi na moja jioni. Jina la dereva halikujazwa.

— Aa, siku hiyo nililitoa kwa ndugu tu, sikuandika. Asubuhi alikuja baba yako mdogo... au ilikuwa shemeji?

— Ufunguo alikurudishia nani?

— Niliukuta mezani.

Tuanze na saa. Skrini imeandika 07.30 na 17.00, na mpwa amesoma saa moja na nusu na saa kumi na moja. Siku yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, si usiku wa manane. Ukimsomea mjomba "saa saba na nusu", atafikiri ni mchana, na ataanza kumuuliza mtu mwingine kabisa.

Sasa njoo kwenye swali lake: "Nani alikuwa nalo?" Gari, kwa hiyo nalo. Yangekuwa magari, angesema nayo. Ufunguo ungekuwa nao, funguo nazo, kitabu cha gari nacho, leseni nayo. Kiungo hicho kidogo cha mwisho kinabeba kitu chenyewe, hata kama jina lake halikutajwa katika sentensi.

Ona kwamba programu imejibu vizuri kila swali ila hilo moja. Inajua lile gari lilikuwa wapi, saa ngapi, kwa mwendo gani. Haijui nani alikuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Na sasa mjomba ana kazi ngumu kuliko kulipa kodi yenyewe: awaulize ndugu wawili, na mmoja wao ataona ameshukiwa. Watu wetu wengi huona kuandikishana na ndugu ni kumvunjia heshima. Mimi naona kinyume chake. Jina likiandikwa siku ya kutoa ufunguo, watu wakicheka na kuulizana habari za nyumbani, ni jambo dogo. Likitafutwa wiki tano baadaye, bahasha ikiwa mezani, linakuwa shutuma.

Hapo ndipo kichwa cha somo hili kinapoingia. Gari limerudi maana yake limefika uani. Hilo kifaa kinalijua chenyewe, kwa sababu mjomba amechora mpaka kuzunguka ua wake kwenye ramani na simu yake hupiga mlio gari likiuvuka. Gari limerudishwa maana yake mtu amelikabidhi: ufunguo umetoka mkononi mwake ukaingia mkononi mwa mwingine, mafuta yametazamwa, kilomita zimeandikwa, wote wawili wamelizunguka na kuona kama bampa ina mkwaruzo mpya, kama stepni na jeki vimo. Hakuna satelaiti inayoweza kufanya hayo. Programu nzuri ina nafasi ya kuyajaza, pamoja na picha za pande zote nne, lakini lazima kuwe na mtu wa kuyajaza. Ufunguo uliokutwa mezani ni gari lililorudi bila kurudishwa.

Tanzania wamekutana na swali hilo hilo kwenye mabasi ya mikoani. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoanzishwa mwaka 2019, hufuatilia mabasi kwa mfumo wa VTS, na basi likizidisha mwendo taarifa inaonekana. Lakini safari ndefu huwa na madereva wawili wanaopokezana. Kujua basi lilikimbia hakutoshi kama haijulikani nani alikuwa kwenye usukani. Kwa hiyo dereva hujitambulisha kwa kugusisha kitufe chake maalumu anaposhika zamu. Ni "nani alikuwa nalo" ile ile ya mjomba, ila abiria hapa ni makumi.

Jambo la mwisho nalisema hasa kwa ninyi vijana mnaowasaidia wazazi kusoma skrini na barua. Ramani inayomwonyesha mjomba gari lake inamwonyesha pia mteja alilala wapi, alikwenda hospitali gani, alisali wapi. Tangu tarehe 25 Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, GDPR, inamtaka mwenye biashara amweleze mteja mapema, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba gari lina kifaa, kinakusanya nini na kwa sababu gani. Ukimwona binamu yako kwenye ramani yuko Uppsala wakati alisema yuko kazini, hiyo si habari ya kumpelekea shangazi. Umeonyeshwa skrini ili usaidie kazi, hukuonyeshwa ili uchungulie. Na wazazi, mkimpa mtoto kazi ya kutafsiri barua za serikali, msimwache peke yake nayo. Kaeni karibu, mlipe wenyewe, na mumwambie ahsante.

Kazi ya nyumbani

1. Jaza nalo, nayo, nao, nazo au nacho: Mkataba uko wapi? Mteja ameondoka ____. Funguo za magari yote, mjomba anazo; analala ____ chini ya mto. Kifaa kimeharibika, fundi amekwenda ____ dukani. Lori lile, dereva hajarudi ____ bado. Leseni yangu, sitembei ____ siku hizi.

2. Tunga sentensi mbili mbili kwa kukodi na kukodisha, kurudi na kurudisha, kukopa na kukopesha, ili msomaji ajue mara moja nani anatoa na nani anapokea.

3. Na mzazi wako, andika karatasi ya makabidhiano ya gari kwa Kiswahili. Iwe na tarehe na saa, jina la anayelichukua, kilomita, mafuta, mikwaruzo iliyopo, na sahihi mbili. Usitumie neno la Kiswidi ila pale ambapo huna jingine. Ije darasani Jumamosi. Tutaijaribu kwa gari la mzazi yeyote atakayekubali tulizunguke.