Dondoo muhimu: Flashi ya Linux kwa kompyuta kuukuu

Kabla ya kumaliza bando ukipakua Linux, chungulia prosesa ya ile laptopu ya mtumba uliyoinunua Mtaa wa Oginga Odinga, Kisumu. Ikiwa ni ya biti 32, Ubuntu ya sasa haiingii. Jaribu antiX au Debian 12. Flashi ya GB 8 yatosha, ila hamisha picha zako zilizomo kwanza, maana Rufus, programu ya kuandikia flashi, hufuta kila kitu. Kwa mashine ya BIOS ya zamani chagua MBR. Linganisha alama ya SHA256 ya faili na ile ya tovuti ulikoipakua kabla ya kuandika: faili iliyopakuliwa nusu hukusumbua usakinishaji ukiwa katikati. Menyu ya kuwashia: Dell F12, HP mara nyingi F9. Na kama betri imekufa, usianze alasiri ngurumo zikitoka ziwani. Stima ikipotea, unarudia yote.