SOMO LA 9: KILA MASHINE NA MAFUTA YAKE

Visiki huwasumbua wakulima wengi wa Mbulu na Hanang. Kwenye milima ya Mbulu, mkaratusi ukikatwa kisiki chake huchipua tena. Kwenye tambarare za Hanang, kisiki kilichofichwa na majani huvunja jembe la trekta. Kwa hiyo, kikundi kinachojua kuondoa visiki kinaweza kupata kazi ya kulipwa.

Tuseme watu kumi wamechanga fedha ili wanunue mashine. Wafanye nini?

Kwanza, wachague chombo kinachofaa. Visiki vidogo na vichache huondolewa kwa shoka, sururu na jembe. Kwa kukata kisiki karibu na ardhi, chenso inafaa. Kama kazi ni nyingi, iko mashine ya kusaga visiki. Ina gurudumu la chuma lenye meno makali. Husaga kisiki mpaka chini ya udongo, lakini huacha mizizi ya pembeni. Jambo hili ni jema kwenye miteremko, kwa sababu mizizi hiyo huendelea kushika udongo kwa muda. Lakini mawe huharibu meno ya mashine. Ondoeni mawe kwanza.

Pili, wajue mafuta. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya Hanang yalilimwa kwa mashine zilizoletwa kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalikuwa na mafundi na karakana. Kikundi cha kijiji hakina karakana. Oili ndiyo fundi wake wa kwanza.

Injini ya chenso haina mahali pake pa kuwekea oili. Oili maalumu, ambayo madukani huitwa 2T, huchanganywa na petroli. Chenso nyingi za siku hizi hutumia sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Yaani petroli lita 5 huhitaji oili mililita 100. Oili ikipungua, injini hukwama. Ikizidi, injini hutoa moshi na plagi huchafuka. Mnyororo una tangi lake na oili yake.

Mashine nyingi za kusaga visiki ni tofauti. Injini yake ina mahali pake pa oili. Msichanganye oili na petroli. Pimeni oili kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama mahali tambarare. Injini nyingi ndogo za petroli hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza za kazi, kisha kila baada ya saa 100. Beringi za gurudumu hutiwa grisi. Kitabu cha mashine hueleza namba ya oili na saa zake. Kisomeni kabla ya kwenda dukani.

Je, oili chafu iliyotolewa kwenye gari inafaa? Haifai! Ina chembe za chuma, nazo husaga mashine. Pia hudhuru ngozi. Msiimwage karibu na kisima wala mto.

Oili mpya ina bei, lakini injini ina bei kubwa zaidi. Mashine ikifa, fedha za watu kumi zimekufa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kuanza kazi, vaeni buti na miwani ya kukinga macho. Watoto wakae mbali, kwa sababu mashine hurusha mawe na vipande vya mti.

MASWALI
1. Kwa nini oili chafu haifai?
2. Petroli lita 3 huhitaji oili mililita ngapi, kama kipimo ni 1 kwa 50?
3. Kusaga kisiki kuna faida gani kwenye mteremko?
4. Jadilianeni: katika kikundi chenu, nani ataandika saa za kazi za mashine kwenye daftari?