Pima Kwanza: Umeme wa Gari Kuukuu kwa Mkazi wa Konza

Gari lako likikataa kuwaka asubuhi, au taa ya injini ikijiwasha na kujizima itakavyo, usikimbilie kununua sensa. Anza na betri na nyaya zake. Kwenye gari la miaka ishirini, kompyuta mara nyingi huwa nzima. Kinachochoka ni mahali chuma kinapokutana na chuma: vichwa vya betri, waya wa ethi, soketi za plastiki, fyuzi. Na huku Konza vinachoka mapema. Wakati wa jua kuna vumbi la nyika ya Kapiti. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa kunata unaganda chini ya gari na kushika maji kwa siku kadhaa.

Usidhani haya yanamhusu mwenye Peugeot 504 ya babu peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Probox au Corolla nyingi zinazoitwa mpya zilishuka Mombasa zikiwa na miaka saba. Ongeza miaka ambayo umekaa nalo, ujue umri wake halisi.

Nunua multimita. Ile ya dijitali ya kawaida utaipata Luthuli Avenue, Nairobi, kwa chini ya shilingi 1,000. Geuza kitufe hadi 20 upande wa volti za DC. Ncha nyeusi weka kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chanya. Soma namba. Hayo tu ndiyo masomo unayohitaji kwa kuanzia.

Pima asubuhi, kabla hujafungua hata mlango mwingine. Ukiona 12.6, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikiwa 12.0 au chini, ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Sasa mwambie mtu awashe gari huku ukitazama namba. Ikishuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, na ulikuwa umeichaji ikajaa, betri imekwisha nguvu. Injini ikishawaka, namba ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, zima. Kidhibiti cha alternata kimekufa, na umeme huo utapika betri, utachoma balbu, na siku moja utafika kwenye kompyuta.

Betri ikiwa nzuri na alternata nzuri, nenda kwenye ethi. Hapa ndipo pesa nyingi za wenye magari hupotelea. Waya wa ethi ndio njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia injini na bodi. Ukipata kutu au matope, umeme hutafuta njia nyingine, na gari linaanza vituko: ukikanyaga breki taa za mbele zinafifia, ukiweka indiketa upande mmoja na wa pili unapepesa. Kituko kinachodanganya kuliko vyote ni mshale wa joto kupanda kila unapowasha taa kubwa. Maji hayajachemka. Ni ethi. Watu wamebadilisha thermostati na sensa ya joto kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Kuipima ni rahisi. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri, kichwa chenyewe, si kibanio kilichokikamata. Ncha ya pili weka kwenye chuma safi cha injini. Mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya 0.5, waya kati ya betri na injini una shida. Kisha washa taa zote, ncha ya pili ihamie kwenye bodi. Zaidi ya 0.2, shida iko upande wa bodi.

Dawa yake ni spana ya 10 au 12, msasa, na nusu saa. Fuata ule waya mnene mweusi kutoka hasi hadi unapoishia. Fungua boliti, sugua mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, halafu paka grisi juu kuzuia maji. Tafuta pia mkanda wa nyaya zilizosukwa kati ya injini na bodi. Mara nyingi umebakia nyuzi chache, au haupo kabisa kwa sababu kuna aliyeshusha injini akasahau kuurudisha.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, tumia magadi yale ya jikoni. Koroga kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya moto, mwagia polepole, ngoja povu litulie, sugua na mswaki wa zamani, suuza. Asidi na magadi haviishi nyumba moja. Na wewe mkazi wa Konza huna kisingizio: reli ya kutoka Magadi inaungana na reli kuu hapa hapa. Hakikisha tu hayaingii ndani ya betri kupitia vifuniko, na ulinde macho.

Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Ukikosea mpangilio, spana ikigusa bodi huku iko kwenye chanya, utaona cheche usizozisahau.

Angalia pia kama kuna msumari au kipande cha bati kimepigiliwa kati ya kibanio na kichwa cha betri. Hutokea mtu anapofunga betri ya NS40 yenye vichwa vyembamba kwenye gari lenye vibanio vinene. Ng'oa. Msumari huo hulegea barabarani, na gari hukuzimikia pale pale ambapo hakuna mtandao. Nunua vibanio vya saizi yake.

Subiri kidogo kabla ya kuchomoa betri kama redio yako ni ya Kijapani yenye ramani. Nyingi hujifunga umeme ukikatika, kisha huomba msimbo au kadi yake ya SD kwa lugha usiyoisoma. Kama huna msimbo wala kadi hiyo, safisha vichwa kimoja kimoja huku betri nyingine ya volti 12 imeunganishwa kushikilia umeme. Tukiwa hapo kwenye redio: haijaharibika ikikataa kufika 106.7. FM ya Japani ilijengwa kwa masafa ya 76 hadi 90, yetu yanaenda hadi 108. Kifaa kidogo cha kuongeza masafa hukaa kati ya antena na redio na kumaliza kazi. Umeme wake uchukuliwe kwenye waya wa redio. Asikudanganye mtu aunyofoe kwenye waya wa injini.

Kuna tabia moja ya gereji ambayo uikatae bila aibu. Fundi anawasha gari, kisha anachomoa betri injini ikinguruma ili "kupima alternata." Gari lenye kompyuta likifanyiwa hivyo, volti hupaa ghafla kwa sababu betri iliyokuwa ikizituliza haipo. Unaweza kuingia gereji na betri mbovu ukatoka na kompyuta mbovu. Mpe multimita yako.

Gari linalokaa wiki nzima bila kutembea, kwa sababu wewe hupanda matatu kwenda kazini, lina adui mwingine: umeme unaovuja kimyakimya. Washukiwa wa kwanza ni vitu vilivyofungwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio, taa za urembo. Funga milango, toa ufunguo, ngoja nusu saa. Hamisha waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la 10A, zungusha kitufe huko, kisha fungua hasi ya betri na uweke multimita katikati ya kichwa na kibanio. Chini ya miliampea 50, yaani 0.05, ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka namba ianguke. Fyuzi hiyo ndiyo inayokuelekeza. Usipige stata multimita ikiwa hapo, utaiunguza.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ampea zile zile. Karatasi ya sigara na kipande cha waya si fyuzi. Ya pili ikikatika papo hapo, kuna waya uliochubuka. Gari lililolala karibu na nyasi ndefu likague hasa nyuma ya injini. Panya wanapenda joto la hapo, na wakishapata makao wanatafuna nyaya.

Taa ya injini nayo huzungumza, hata kwenye gari lisilokubali skana. Corolla za AE100 na Toyota nyingi za umri huo zina boksi dogo chini ya boneti limeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ikipepesa haraka kwa mwendo mmoja, hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 31 ni ya kiasi cha hewa inayoingia. 41 ni ya throto. Namba hizo hutaja njia nzima ya umeme, kutoka sensa hadi kompyuta. Chomoa soketi, safisha, rudisha, futa kosa, tembeza gari. Kosa likirudi, ndipo ufikirie sensa mpya.

Kuhusu joto, fahamu kwamba Konza iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Maji ya wazi huchemka hapa kwenye nyuzi kama 95. Kifuniko kizima cha rejeta chenye namba 0.9 hupandisha hadi karibu 115. Mpira wake ukipasuka, unapoteza nyuzi hizo zote kwa kitu cha bei ndogo. Kagua mpira. Usijaze maji ya kisima yenye chumvi kwenye rejeta, wala kwenye betri. Kisha washa AC: feni ya umeme izunguke. Isipozunguka, tazama fyuzi, halafu badilishana rilei yake na ya honi kama zina umbo na namba moja. Ikizunguka, umepata mwizi.

Chujio la hewa likung'ute kila wiki ya vumbi. Sensa ya hewa iliyo nyuma yake safisha kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kugusa ule uzi wa ndani kwa kidole au pamba.

Na ikiwa umepima yote na kweli kompyuta imekufa, utaishia Kirinyaga Road kutafuta ya mtumba. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha namba ya lebo, ambayo kwa Toyota nyingi huanza na 89661. Kama ufunguo wako una chipu, uliza kabla ya kulipa nani ataifundisha kompyuta hiyo kuutambua ufunguo, na kazi hiyo iwe ndani ya bei. Namba ikitofautiana hata tarakimu moja, irudishe kaunta.